Jibu: Softiboli ya mtaa bila glavu za kutosha

Mambo mkuu, naona uzi wako umekaa bila jibu. Unasema mko kama 20 mtaani, gongo moja, glavu mbili, unauliza kama msubiri hela ya glavu kwanza. Msisubiri bana.

Mimi naishi Chicago, na softiboli, huu mchezo ndugu wa besiboli, ilianzia hukuhuku mwaka 1887, mpaka leo kuna watu wanacheza ile ya mpira mkubwa wa mzingo wa inchi 16, wanadaka kwa mikono mitupu. Ukiwa mpya ni mgumu kama dafu aisee, siku ya kwanza nilidaka kwa ncha za vidole, kimoja kikavimba nikala ugali kwa kijiko wiki nzima, jirani mzee mmoja akacheka ndo akanionesha: viganja pamoja, uvute mpira kifuani. Ukishagongwagongwa unalainika na hauendi mbali, kwa hiyo hata kiwanja kidogo kinatosha.

Cha kwanza angalia mpira mlionao, kama ni ule wa kawaida wa inchi 12 msidake mikono mitupu, utaumiza watu.

Mrushaji arushe mkono ukitokea chini ya bega, mpira upande juu taratibu kama upinde, hapo mama wa genge na kijana wa bodaboda wote wanaugonga. Aina hii ya inchi 16 ni wachezaji 10 kila upande, yaani nyie mmetimia kabisa. Besi, yaani vile vituo vya kukimbilia, wekeni magunia yenye mchanga kidogo, yasiteleze.

Watoto wapo humo? Wana miaka mingapi?