Ukisema "nipigie baadaye", umewapa miadi

SWALI: Dada, shikamoo. Nina miaka 34, nakaa Kihonda hapa Morogoro, napika vitumbua na chapati za oda. Namba yangu nimeiandika kwa rangi ukutani kule barabarani, kwa hiyo simu ya namba ngeni siwezi kuiacha iite, huenda ni mteja. Ila siku hizi wateja ni wachache kuliko hao wengine: bima, viwanja vya kulipia kidogo kidogo, utafiti wa sabuni ya unga. Baba mkwe amepata kiharusi, tunaye hapa nyumbani. Akisinzia saa nane mchana ndiyo kupumzika kwake, na simu ikiita anashtuka mwili mzima. Yule wa utafiti wa sabuni nilimjibu vizuri tu, "mwanangu niko jikoni, nipigie baadaye." Amepiga mara saba ndani ya siku nne. Niwe nakata? Naona vibaya kumkatia mtu aliyeniamkia.
Mama Vitumbua, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza.

Nimewahi kukaa upande wa pili wa simu hiyo. Kati ya 2016 na 2018 nilikuwa mdodosaji wa simu hapa Dar es Salaam. Tulikuwa chumba kimoja kirefu, watu kama thelathini, kila mmoja na hedifoni na kompyuta yake. Ngoja nikueleze kinachotokea ukishatamka hilo neno "baadaye", maana tatizo lako limeanzia hapo.

Simu ikishakatika, kompyuta haikuruhusu kwenda namba nyingine mpaka uchague jibu: amekubali, amekataa, hapatikani, namba si sahihi, apigiwe tena. Wewe uliposema "nipigie baadaye" ulikuwa unakataa kwa adabu, kama tulivyolelewa sote. Kompyuta haina habari na adabu hiyo. Yule kijana alibonyeza "apigiwe tena", akaulizwa saa ngapi, akajaza. Saa ilipofika namba yako ikapanda juu ya orodha, pengine mbele ya mdodosaji mwingine kabisa asiyejua kwamba una mgonjwa ndani. Usipopokea, inarudishwa. Zile simu saba si mtu anayekukomoa, ni miadi ambayo wao wanaamini umewapa.

Kwa hiyo achana na "baadaye", achana na "niko bize kidogo", achana na "mpaka baba watoto arudi". Sema "sitashiriki". Neno hilo lina kitufe chake. "Mwanangu, sitashiriki. Andika nimekataa, na namba yangu muiondoe." Msubiri aseme sawa, kisha kata. Hujamkosea chochote. Mimi nilitakiwa kumaliza madodoso 12 kwa siku, na aliyenikatalia mapema alinisaidia kuliko aliyenipa matumaini ya jioni.

Najua lakini kinachokushika ni ile salamu. Hata sisi tulilijua hilo, na tulielekezwa kabisa: ukisikia sauti ya mtu mzima, shikamoo kwanza, subiri marahaba, uliza hali ya nyumbani, ndipo useme shida yako. Mtu akishaitikia marahaba anajiona ni mwenyeji wako, na mwenyeji hafukuzi mgeni. Kuna mama mmoja wa Singida alinipokea hivyo, akaniuliza na habari za wazazi wangu. Nikamwambia ni dakika kumi tu. Dodoso lenyewe lilikuwa la dakika 25. Tulipofika katikati mtoto alianza kulia nyuma yake, akalia mpaka sauti ikakauka, na yule mama akaendelea kunijibu kiasi cha mchele anachonunua kwa mwezi, kwa sababu aliona aibu kunikumbusha kwamba dakika kumi zimepita. Mimi nikaendelea kuuliza. Kile kilio bado nakisikia, na ndiyo sababu swali lako nimelipa nafasi kubwa wiki hii.

Salamu iitikie, ni haki yake. Ila ukishasema marahaba, kuuliza kuwe kwako: unapiga kutoka wapi, namba yangu mmeitoa wapi, na unataka nini? Uulize kabla hajaanza maelezo, maana akishaanza hapumui. Mtafiti wa kweli atataja taasisi yake, atakwambia una hiari ya kukataa, na hatataka namba yako ya NIDA wala salio lako. Wa mauzo naye atataja kampuni; mwambie huhitaji na asipige tena. Anayekwepa swali la pili, kata bila huruma. Akisema anatoka mtandao wako wa simu, tazama namba aliyopigia: huduma kwa wateja hutumia 100, si namba ya mtu binafsi. Akitaka namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye meseji, huyo ni mwizi; namba yake itume kwenda 15040.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inakupa haki ya kumtaka anayetumia taarifa zako kutangaza biashara aache. Ukimwambia asisikie, andika tarehe, saa na namba kwenye daftari lako la oda, upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Daftari lenye simu saba ndani ya siku nne linaeleweka haraka kuliko maneno "wananisumbua sana".

Namba wameitoa wapi? Ule ukuta ni mlango mmoja. Ila kumbuka pia daftari la wageni pale getini ulikoandika jina na simu, fomu ya bahati nasibu ya dukani, karatasi ya mahudhurio ya semina ya wajasiriamali. Siku hizi mimi getini naandika jina na ninakokwenda, na kama mlinzi hakushikilia, ile safu ya simu naiacha wazi.

Sasa baba mkwe. Namba ya biashara usiibadilishe, wateja wameizoea. Tafuta kitochi, laini ya oda ihamie humo, kikae jikoni. Simu yako ya kawaida ibaki na laini mpya ya ndugu peke yao. Kisha rudi ukutani na kopo la rangi, uongeze mstari chini ya namba: "Oda: saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana. Baada ya hapo tuma meseji." Wateja wako wakishazoea, simu itakayoita saa nane haitakuwa ya vitumbua, na wakati huo kitochi kitakuwa kimya mfukoni mwa aproni.

SWALI: Shemeji yangu alikopa kwenye programu ya simu, hajalipa. Sasa wananipigia mimi alfajiri mpaka usiku, wanasema mimi ni mdhamini na watanitangaza kwa majirani. Mke wangu amepokea moja akalia. Sijasaini popote.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kaka, kama hujakubali udhamini, wewe si mdhamini. Shemeji aliposakinisha ile programu iliomba kusoma majina kwenye simu yake, naye akabonyeza "ruhusu". Ndivyo walivyokupata, wewe na pengine fundi wake wa pikipiki na mwalimu wa mtoto wake.

Usibishane nao kwa mdomo. Watumie meseji moja: sijadhamini mkopo huu, futeni namba yangu. Baada ya hapo usijibu, ila usifute kitu. Piga picha ya kila meseji na orodha ya simu walizopiga. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Angalia kama hiyo imo. Iwe imo au haimo, malalamiko yako ya kutumia namba yako bila ridhaa yanapokelewa na ile Tume niliyoitaja hapo juu, na vitisho ni vya polisi. Usilipe hata shilingi elfu tano ya "kupunguza", maana watachukua kwamba deni umelikubali.

Mkeo mwambie hizo simu asipokee kabisa. Na shemeji akae nawe chini, mpige hesabu ya anachodaiwa kweli. Waliokwama kwenye mikopo ya kausha damu hukopa huku walipe kule, na aibu huwafanya wanyamaze hadi mambo yaharibike.

SWALI: Dada, nimeanza kazi ya udodosaji wa simu, hii ni wiki ya tatu. Watu wananitukana. Jana baba mmoja kaniita tapeli kabla sijamaliza jina langu.
Binti, Ubungo

JIBU: Pole mwanangu. Yule baba pengine amewahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii", au ana ndugu aliyeituma kweli. Hakukujua wewe.

Kazi yako ina maana, usiione ndogo. Shirika la Twaweza walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa kwa simu, mwaka 2013 walianza kwa kwenda majumbani, wakaongea na watu ana kwa ana, wakawapa simu na chaja za sola, ndipo wakaanza kuwapigia kuwauliza kuhusu maji, shule na zahanati. Waliopigiwa walijua nani anapiga na kwa nini. Wewe huna nafasi ya kwenda nyumbani kwa mtu, kwa hiyo sekunde zako ishirini za kwanza ndizo hodi yako. Salimia kwa ufupi, taja jina, taasisi, namba mlivyoipata, na dakika za kweli. Kama ni 25, sema 25, hata msimamizi akikunja uso. Mwombe pia msimamizi namba ya ofisi ambayo mtu anaweza kupiga kuhakiki.

Akisema "baadaye", muulize taratibu: "Mama, nikuandikie umekataa, au kweli nikupigie?" Wengi watacheka na kukwambia ukweli. Na ukisikia mtoto analia nyuma yake, simamisha maswali, mwache amchukue.