Kombe la mbio za magari: kwa nini lilipasuka na kukatika?

SWALI: Kamati yetu inaandaa mbio za magari hapa Dar es Salaam, na tunataka kombe lenye gari la shaba ya njano linaloruka juu ya kitako cha mpingo, kimo chake sentimita 60. La mwaka jana lilipasuka kitako baada ya miezi miwili, kisha gari likakatikia kwenye gurudumu lililolibeba. Safari hii tumwagize fundi nini?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni makosa mawili tofauti yaliyokutana kwenye kombe moja.

Kitako, kwa maelezo yako, huenda kilikatwa kwenye gogo bichi, moyo wa mti ukiwa katikati. Mti ukikauka hunywea zaidi kuzunguka pete zake kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo mduara mzima wa gogo hauna njia ila kupasuka, hasa ukitolewa kwenye unyevu wa pwani ukawekwa ofisini penye kiyoyozi. Mkienda kwa wachongaji wa Mwenge, ombeni kipande kilichokaa miaka, mkitazame kichwani, yaani penye mkato: pete zikiwa pinde tu, si miduara kamili, moyo haumo. Mpingo mnene wa namna hiyo ni adimu, basi ridhikeni na kipenyo cha sentimita 15 na unene wa 8, kitako ambacho peke yake kina karibu kilo 1.8.

Uzito ndio uliolikata gari. Lita moja ya shaba ya njano ina takriban kilo 8.5, ya alumini kilo 2.7, na Formula 1 yenyewe haitaki kombe lizidi kilo 5. Chagueni alumini. Pistoni chakavu zinasubika vizuri, yaani kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa sababu zina silikoni, na mafundi wa Gerezani wanaifahamu kazi hiyo. Kielelezo, yaani mfano unaotumika kutengeneza kalibu, kiwe kirefu kuliko kombe kwa asilimia 1 hivi, maana chuma hunywea kikipoa.

Umbo nalo libadilike. Gari lisisimame kwa gurudumu moja, bali libebwe na wimbi la vumbi linalotoka chini yake, pana kwenye kitako na jembamba juu, vyote vikisubiwa kipande kimoja, kama vinyago vya ujamaa vya Wamakonde ambamo watu hubebana bila kiungo hata kimoja. (Kauri msiifikirie: mwaka 2023 huko Hungaria, dereva wa Formula 1 Lando Norris aligonga chupa jukwaani na kombe la kauri la mshindi, Max Verstappen, likavunjika.)

Gundi isitegemewe kuunganisha chuma na mti. Boliti moja ipite katikati ya kitako, tundu likiwa pana kuliko boliti kwa milimita 2, ikazwe kwa nati na washa pana kutoka chini, ili mti upate nafasi ya kutanuka na kunywea.

Kabla ya kumlipa fundi, likamateni palipo pembamba, mlinyanyue juu ya kichwa kwa mkono mmoja kama atakavyofanya mshindi. Likicheza kwenye kitako, nati haijakazwa.