Maswali ya Wasomaji: Dodoma ni Kwetu, Tuishukuruje?

Nilihamia Dodoma na wizara, nikajenga Nzuguni. Sasa nimepazoea na ninapapenda: usiku una baridi na joto lake halinati mwilini. Nataka uwanja wangu uonyeshe kwamba hapa ni kwangu, lakini nimepanda miti misimu miwili na yote imekauka. Tatizo ni udongo?
*Msomaji, Nzuguni*

Udongo unasingiziwa. Tatizo kubwa kwa wanaotoka Pwani ni kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Kwa mwaka mzima hupatikana milimita 550 hadi 600 hivi, na katikati ya msimu, mara nyingi Februari, hupita wiki kadhaa za jua kali. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa mikoa mingine sawa, ila hapa mvua inakuwa inaaga. Mche uliopandwa siku hiyo unaingia kiangazi kabla mizizi haijashuka popote.

Chimba mashimo Oktoba au Novemba, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri, halafu urudishe shimoni mchanganyiko huo. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuwaita mchwa. Subiri mvua ilowanishe ardhi hadi sentimita 30 (chimba uone, usikisie) ndipo upande. Kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kichanwe chote kitoke. Ukikiacha, mizizi huzunguka humo humo na mti hudumaa hata ukiumwagilia kila siku.

Upande wa chini wa mteremko jenga tuta la nusu mwezi, ili maji yanayotiririka uani yasimame kwenye shina. Kiangazi mwagilia lita 10 kwa mkupuo mmoja kila wiki. Kikombe kimoja kila jioni hulowanisha juu tu, na mizizi hubaki juu ikingoja kikombe kingine. Matandazo ya nyasi ni mazuri, ila yaache mbali na shina kwa upana wa kiganja, maana mchwa hupitia humo. Halafu weka uzio wa miiba, kwa sababu mbuzi wa Dodoma hana mipaka.

Ukiuliza mti gani, anza na mwarobaini au mkwaju. Mwembe unawezekana, lakini jiandae kuubebea maji miaka miwili ya mwanzo.

Shamba la familia liko Chamwino. Limejaa visiki vinavyochipua vichaka kila mwaka na tunachoka kuvifyeka. Tuving'oe tupande miti ya kisasa?
*Wanafamilia, Chamwino*

Msing'oe hata kimoja! Hivyo visiki ndiyo miti yenu, na mizizi yake imeshafika chini ambako mche wa kitalu utachukua miaka kufika. Njia ya kuvikuza inaitwa kisiki hai, na wakulima wengi wa mkoa huu wanaifanya bila kununua chochote zaidi ya panga kali.

Kwenye kila kisiki chagueni machipukizi matatu hivi, yaliyo manene na yaliyonyooka, kisha kateni mengine yote karibu na shina. Kwa yaliyobaki, pogoleeni matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Msipogolee juu zaidi ya hapo, kwa sababu mti uliovuliwa majani mengi hushindwa kujilisha na hupindwa na upepo. Panga lipige kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu, tawi huanguka na ganda la shina, na kidonda hicho huingiza wadudu.

Fungeni kitambaa chenye rangi kwenye kila kisiki ili mchungaji na mkata kuni wajue kina mwenyewe. Rudini kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya. Vijiti mnavyokata ni kuni, na majani yabaki shambani.

Anayedhani ardhi iliyochoka haiamki aangalie Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililokuwa limeliwa na makorongo. Sehemu kubwa ya uoto ilirudi yenyewe.

Maji ya bomba ni ya mgao na kisima cha jirani kina chumvi. Paa langu ni la mita za mraba 80. Je, inafaa kununua tanki la lita 5,000?
*Msomaji, Nkuhungu*

Inafaa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa milimita 550, paa lako linapokea lita 44,000 kwa mwaka. Ukitoa sehemu ya tano kwa kuvuja na kukauka, zinabaki kama 35,000. Tanki moja litajaa na kumwagika mara kadhaa, kwa hiyo bomba la kutoa maji yanayozidi lielekeze kwenye shimo la mti.

Gata ishuke sentimita moja kwa kila mita, la sivyo maji hutuama na mbu huzaliana. Mvua ya kwanza huosha vumbi la miezi saba. Milimita ya kwanza kwako ni lita 80, na wengi, ili kuyanasa maji hayo machafu, hutegemea bomba la inchi 4 la kusimama, ambalo hubeba lita 8 tu kwa mita. Wewe weka pipa la lita 100 lijae kwanza, ndipo maji yavuke kwenda tankini.

Kosa la gharama liko kwenye msingi. Tanki likijaa lina tani 5. Shindilia udongo, mwaga zege la sentimita 15, na zege litokeze nje ya kitako pande zote. Kona moja ikititia, tanki hupasuka chini. Na kiangazi usiliache tupu kabisa, kwa sababu upepo wa hapa unaweza kulibingirisha hadi kwa jirani.

Mzabibu mmoja uani, je, utazaa?
*Msomaji, Miyuji*

Utazaa, tena mara mbili kwa mwaka ukiupogolea mara mbili. Kila tawi liachie macho mawili ya kuchipua, weka samadi na maji mara tu baada ya kupogolea, na tarajia zabibu baada ya miezi minne hivi. Maji yaende kwenye udongo, yasiguse majani, kwa sababu majani yaliyolowa huleta ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, hasa wakati wa mvua. Miche iulizie kituo cha utafiti cha TARI Makutupora. Matunda yakianza kubadilika rangi yafunike kwa chandarua chakavu, maana ndege hawasubiri yaive.