Jibu: Baba anavutia dirishani, mtoto anakohoa

Mama Junior, pole sana. Umeuliza kama inatosha mzee akivutia sigara dirishani, maana mnaishi chumba kimoja hapo Mukuru na mtoto haachi kukohoa. Haitoshi, dada. Moshi hurudi ndani, na hata sigara ikizimwa sumu yake hubaki kwenye pazia, blanketi na nguo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Mapafu ya mtoto bado yanakua na anapumua haraka kuliko sisi, ndiyo maana pumu, nimonia na maumivu ya masikio humwandama. Mzee atoke nje kabisa, mbali na mlango, na abadilishe shati kabla ya kumbeba.

Umesema alizidisha kuvuta kibarua kilipoota nyasi. Naelewa, nimelelewa nyumba kama hiyo: mawazo ya kodi humsukuma mtu kwa sigara, na sigara inakula hiyo kodi. Pigeni hesabu pamoja bila kugombana. Tano kwa siku, kwa shilingi 20 kila moja, ni 3,000 kwa mwezi.

Lakini kikohozi kimepita wiki 2, kwa hivyo mpeleke kliniki kesho. Akipumua kwa shida au kifua kikibonyea ndani, usingoje asubuhi.