Jibu: OM-1 yatoa negativu nyepesi tangu nibadilishe betri

Salaam ndugu. Umesema kamera yako ya filamu, Olympus OM-1, inatoa negativu nyepesi (zilizopauka kwa kukosa mwanga wa kutosha) tangu uweke betri mpya ya alkali, na unataka kubadilisha lenzi. Acha lenzi kwanza, anza na betri.

Kamera hiyo ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35. Ya alkali ina 1.5, kwa hiyo kipima mwanga hudhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, nawe unabana tundu la lenzi kupita kiasi, filamu ikapata mwanga mdogo. Mimi natumia betri ya zinki-hewa namba 675, ile ya vifaa vya kusaidia kusikia: ina takriban volti 1.4. Ni nyembamba, hivyo izungushie kipete cha mpira ikae katikati. Ukishabandua karatasi yake huisha baada ya miezi michache hata usipoitumia, lakini vipimo vyake ni vya kuaminika.

Kabla ya kuiweka, chungulia chumba cha betri. Ukiona unga wa kijani, usugue kwa pamba yenye siki kidogo, kisha ukaushe vizuri.

Halafu jaribu kwenye jua kali: ISO 100 (wepesi wa filamu), f/16 (tundu la lenzi), 1/125 (sehemu ya sekunde shata inapofunguka). Mshale wa kipima mwanga ukae karibu na katikati. Mshale ukiwa mbali na hapo, ipeleke kamera kwa fundi. Kwa maelezo tu siwezi kusema kama ni waya au seli ya mwanga, yaani kihisi cha kipima mwanga.