Mercedes na Rehema

*Shangazi, nina ujauzito wa miezi minane, na tumeambiwa ni mtoto wa kike. Nataka aitwe Mercedes, jina la mtawa Mhispania aliyenizalisha kifungua mimba wangu. Mume wangu anacheka eti tutazaa Benzi, na mama mkwe amenuna kwa sababu anataka mjukuu aitwe Rehema, jina la marehemu mama yake. Nifanyeje? – Mama Kijacho, Moshi*

Mwanangu, mumeo amelielewa jambo kinyume, kwa maana gari ndilo lililopewa jina la msichana. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeuza magari ya Daimler akiwa Nice, Ufaransa, aliyaingiza mashindanoni kwa jina la binti yake Mercedes, aliyezaliwa mwaka 1889. Mwaka 1902 Daimler ikalisajili kuwa alama yake ya biashara, na hilo neno Benz likaongezwa mwaka 1926, kampuni mbili zilipoungana.

Jina lenyewe ni la kale zaidi. Wahispania wana desturi ya kuwapa binti zao sifa za Bikira Maria, ndiyo maana wako kina Dolores, yaani maumivu, na kina Pilar, yaani nguzo. Mercedes ni kifupi cha María de las Mercedes, Maria wa Rehema, ambaye sikukuu yake ni tarehe 24 Septemba, na ndiye msimamizi wa shirika lililoanzishwa Barcelona mwaka 1218 na Pedro Nolasco ili kuwakomboa mateka Wakristo, ambalo watawa wake waliapa hata kubaki kifungoni badala ya mateka ikibidi. Asili yake ni neno la Kilatini *merces*, lililomaanisha ujira, kisha likahamia kwenye thawabu na fadhila, hadi likafika kwenye rehema. Kwa Kihispania jina hilo liko katika wingi, jambo lisilotusumbua sisi, maana rehema moja na rehema mia huandikwa vilevile.

Umeona sasa? Wewe na mama mkwe mnagombania jina moja.

Nenda kwake mwenyewe, usimtume mumeo mwenye mzaha, ukamweleze hayo taratibu mkichambua mchele. Sitakuficha kwamba shuleni watoto watamtania kwa Benzi, lakini akiwa na Rehema pembeni atakuwa na pa kukimbilia. Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya majina yote mawili. Lipi litangulie, mwachie bibi yake achague.