Wasomaji Wanauliza: Wayne Dyer, Vitabu na Jukwaa

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Wayne Dyer (1940–2015), mwandishi wa Marekani ambaye kwa takriban miaka 40 aliishi kwa kuandika vitabu vya kujijenga na kwa kusafiri akihutubia. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Tumechagua tano, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanachuo. Mliandika kwamba Dyer alianza kwa kuuza vitabu kutoka kwenye buti la gari lake. Ni kweli, au ni zile hadithi za kuwatia vijana moyo? — Msomaji, Iringa

Marahaba. Ni kweli, ila hadithi hiyo husimuliwa kwa namna inayomfanya aonekane kijana aliyetoka patupu, na hapo ndipo inapopotosha. Mwaka 1976 Dyer alikuwa na umri wa miaka 36, ana shahada ya uzamivu katika ushauri nasaha kutoka Chuo Kikuu cha Wayne State, amefundisha katika Chuo Kikuu cha St. John's jijini New York, na alikwisha kushiriki kuandika vitabu vya kitaaluma. Dhiki aliyoijua ilikuwa ya utotoni: baba yake aliitelekeza familia mjini Detroit, naye akalelewa kwa watu na katika makao ya watoto hadi alipokaribia miaka 10.

Mihadhara yake ya New York ilivuma hadi ikamfikia Arthur Pine, wakala wa waandishi, ambaye alimshawishi aiweke katika kitabu. Kitabu hicho, *Your Erroneous Zones*, kilipotoka mwaka huo wa 1976 hakikupokewa kwa vigelegele. Dyer aliacha kazi, akapakia nakala nyuma ya gari, akaenda mji kwa mji akibisha hodi kwenye maduka ya vitabu na kuomba mahojiano katika redio ndogo ambazo waandishi wenye majina hawakuzijali. Michael Korda, mhariri wa vitabu aliyekuwa na jina kubwa New York, amepata kueleza kwamba kitabu kiliingia katika orodha ya vinavyouzwa zaidi kabla wachapishaji hawajang'amua kinachoendelea. Televisheni za kitaifa zilikuja baadaye, zikiwemo dakika zake katika kipindi cha Johnny Carson. Katika orodha ya gazeti la *New York Times* kilikaa wiki 64, na mauzo yake ya jumla mara nyingi hutajwa kuwa nakala milioni 35. Kwa hiyo buti lilikuwapo, lakini aliyelifungua alikuwa msomi mwenye wakala.

Nimehudhuria semina kadhaa za uhamasishaji hapa Pwani. Mzungumzaji husema saa nzima, na nusu yake huwa ni kuvisifu vitabu vilivyopangwa mezani pale mlangoni. Je, ziara hizi si biashara ya vitabu tu? — Msomaji, Likoni, Mombasa

Biashara ipo, na wenyewe hawaifichi. Hata hivyo, ukidhani kwamba kitabu ndicho kazi na hotuba ni tangazo lake, utakuwa umeanzia mwisho. Katika uandishi wa namna hii, tangu mwanzo wake, hotuba ndiyo iliyotangulia. Samuel Smiles, Mskoti ambaye kitabu chake cha mwaka 1859, *Self-Help*, ndicho kilichoupa uandishi huu jina lake la Kiingereza, alianza mwaka 1845 kwa kuzungumza na vijana wafanyakazi wa mji wa Leeds waliokuwa wakikutana jioni kufundishana kusoma na kuhesabu. Dale Carnegie alianza mwaka 1912 kuendesha masomo ya usiku ya kuzungumza mbele ya watu katika jengo la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, jijini New York, na kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1936, baada ya mtu wa kampuni ya uchapishaji kuhudhuria kozi hiyo na kumwomba ayaandike aliyokuwa akiyafundisha. Dyer alipita njia ileile.

Sababu yake haiko mbali. Mwandishi wa riwaya anaweza kujifungia chumbani miaka miwili na asikose kitu, lakini anayeandika juu ya woga, hasira na majuto anahitaji kuona ni sentensi ipi inayoinua vichwa vya watu na ni ipi inayowafanya watazame saa. Jambo lisilo na uzito kwenye karatasi huweza kusimama imara mbele ya hadhira. Dyer alikuwa na mazoea ya kushika chungwa jukwaani, na katika hotuba moja aliyopenda kuisimulia alimgeukia mtoto wa kiume aliyekaa mstari wa mbele. Nikilikamua kwa nguvu zangu zote, kitatoka nini? Juisi ya chungwa, akajibu mtoto. Haiwezi kutoka ya tufaha? Haiwezi. Kwa nini? Kwa sababu ya chungwa ndiyo iliyomo ndani. Ndipo alipowageukia watu wazima na kuwauliza: maisha yakikukamua, mtu akikukosea au akikutukana, na wewe ukatoa hasira na chuki, hiyo hasira ilikuwa wapi kabla ya kukamuliwa? Ukiisoma hapa utasema ni jambo dogo, nami sitakubishia. Ukumbini, chungwa likiwa mkononi na mtoto akijibu kwa haraka, watu walitoka nayo wakaenda kuwasimulia wa nyumbani.

Kuhusu fedha, mapato ya mwandishi wa aina hii yana milango mingi: kiingilio cha ukumbi, malipo ya mashirika yanayomwalika, kanda na video, pamoja na makongamano yanayoandaliwa na wachapishaji wenyewe. Kampuni ya Hay House, iliyoanzishwa na Louise Hay huko California katika miaka ya 1980, ilifanya makongamano kuwa sehemu kubwa ya shughuli zake, na Dyer alikuwa miongoni mwa waliojaza kumbi hizo. Mlango wake mwingine ulikuwa PBS, mtandao wa televisheni za umma za Marekani, ambazo hazijiendeshi kwa matangazo ya kawaida ya biashara na badala yake huwaomba watazamaji wachangie. Katika majuma ya kuchangisha, hotuba za Dyer zilirushwa zikikatizwa na maombi ya michango, na aliyechanga kiasi fulani alitumiwa kitabu au seti ya video za hotuba hiyo. Kituo kilipata fedha, mwandishi akapata wasikilizaji ambao wasingewahi kuingia ukumbini. Kwangu mimi huo ni mpango wa kiungwana kuliko ile meza ya mlangoni, kwa sababu mtazamaji alijua tangu mwanzo kwamba anaombwa.

Jambo linalonitatiza mimi katika maisha hayo ni jingine kabisa. Sura nzima ya kitabu chake cha mwaka 1976 inamhimiza msomaji aache kuishi kwa kutafuta kibali cha watu, na aliyeiandika aliishi kwa kibali cha watu, usiku baada ya usiku, maana ukumbi usiojaa haualiki mara ya pili. Simwiti mnafiki kwa hilo. Ninasema tu kwamba mtu aliye katika hali hiyo ana sababu ya kila siku ya kusema kile ambacho wasikilizaji wangependa kiwe kweli, na barua inayofuata inagusa hapohapo.

Alianza na saikolojia, akamalizia na Lao Tzu, yule mwenye hekima wa China ya kale, Mtakatifu Fransisko na miujiza ya uponyaji. Huko ni kukua kiroho, au alifuata soko lilikokwenda? — Msomaji, Mwanza

Swali lako linadhani lazima iwe moja kati ya hayo mawili. Tuangalie mambo yalivyokwenda. Vitabu vyake vya kwanza vilikuwa vya saikolojia ya vitendo, vikimwambia msomaji kwamba hisia zake zinatokana na anavyoyatafsiri mambo, na kwamba anaweza kubadili tafsiri hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza kuzungumza juu ya roho, akiwataja walimu wa Kihindi kama Swami Muktananda pamoja na Fransisko wa Asizi, na kufikia mwaka 2004 mada yake kuu ilikuwa nguvu ya nia inayoutawala ulimwengu wote. Ni kweli kwamba soko la Marekani lilikuwa likielekea hukohuko.

Lakini mbegu ilikuwapo zamani. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwezi Agosti mwaka 1974 alikwenda Biloxi, katika jimbo la Mississippi, kwenye kaburi la baba yake aliyemtelekeza, mtu ambaye hakuwa na kumbukumbu ya kumwona. Alifika akiwa na nia ya kulilaani. Alisimama pale kwa muda mrefu akisema na maiti, akalia, akaondoka, kisha akarudi na kutamka kwamba amemsamehe. Baada ya hapo, anasema, alikwenda Florida akaandika kitabu chake kikubwa kwa majuma mawili hivi. Tukio hilo alilisimulia majukwaani hadi mwisho wa maisha yake, na ni la kiroho kwa maana yoyote utakayoitumia, nalo lilitangulia soko.

Kadhalika, alipotimiza miaka 65 alijipa mwaka mzima wa kuzisoma aya 81 za Tao Te Ching, kitabu cha hekima kinachohusishwa na Lao Tzu, akagawa samani na nguo zake za Florida, akahamia kisiwa cha Maui, Hawaii, kuzitafakari na kuziandikia. Mtu anaweza kusema kwamba Maui si jangwani, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, mwandishi aliyekwisha kupata kila alichohitaji hakulazimika kukaa chini na kusoma kama mwanafunzi, naye alikaa.

Mahali ninapomwekea alama ya kuuliza ni kwenye uponyaji. Mwaka 2009 Dyer aligundulika kuwa na saratani ya damu ya aina inayokua polepole. Mwaka 2011 alitangaza kwamba amefanyiwa upasuaji wa kiroho kutoka mbali na João de Deus, mponyaji wa kijiji cha Abadiânia nchini Brazil, naye akalipeleka tangazo hilo kwa wasikilizaji waliomwamini, miongoni mwao wagonjwa. (Sisi wa huku tusiharakishe kuwacheka Wamarekani, kwani mwaka huohuo foleni ya magari ilikuwa ikielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500.) Mwishoni mwa mwaka 2018 wanawake wengi walijitokeza kumshtaki João kwa kuwadhalilisha kingono, na mwaka 2019 alihukumiwa kifungo. Dyer alikuwa amekwisha kufariki miaka minne kabla, kwa hiyo haikuwa haki kumdai ajue ambacho wengi hawakukijua. Ninachoweza kumdai ni tahadhari: mtu wa saikolojia, mwenye shahada ya uzamivu, alikuwa na wajibu wa kutofautisha kati ya kusema "nimejisikia nimepona" na kusema "nimeponywa", na jukwaani tofauti hiyo haikupewa nafasi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba alikua kweli, ila alikua mbele ya watu. Kila hatua aliyopiga ilibidi iwe hotuba kabla haijakaa vya kutosha kupimwa. Mwaka huohuo wa 2011 aliongoza kundi la wasomaji wake hadi maeneo ya hija ya Assisi (Asizi) nchini Italia, Lourdes nchini Ufaransa na Medjugorje nchini Bosnia na Herzegovina. Hata hija yake ilikuwa na hadhira.

Nimesoma kwamba alioa mara tatu. Nitamsikilizaje mtu huyo akinifundisha mahusiano? — Msomaji, Nairobi

Dada yangu, msikilize kama unavyomsikiliza mjomba aliyepitia mengi, na usimchukue kuwa kielelezo. Alikuwa na watoto wanane. Kutengana na mke wake wa tatu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulimwangusha, na aliyaeleza majonzi yake hadharani bila kuyapamba. Kwa maoni yangu, sehemu hizo za maandishi yake zina manufaa kuliko kurasa nyingi ambazo ameandika kama mtu aliyekwisha kushinda. Akikuahidi kanuni ya ndoa isiyovunjika, una haki ya kufunga kitabu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimeandika mswada wa kuwajenga vijana, na rafiki zangu wananishauri niache kazi nianze kuzunguka mikoani kama huyo Dyer. Mnanishauri nini? — Msomaji, Songea

Mwalimu, usiandike barua ya kuacha kazi. Dyer aliacha kazi baada ya mihadhara yake kujaribiwa mbele ya watu kwa muda mrefu, na baada ya kitabu kuchapishwa. Wewe una darasa, mahafali, vikao vya wazazi na vikundi vya vijana vya kanisani au msikitini. Kila siku unapewa bure hadhira ambayo wahamasishaji wengine huikodi. Chukua sura moja ya mswada wako, izungumze kwa dakika 20 bila kusoma, kisha uangalie ni wapi vijana walianza kunong'ona. Hapo ndipo pa kukata. Ukialikwa shule nyingine, dai nauli hata kama hudai posho, maana wahamasishaji wengi chipukizi huishia kuwadai wenyeji wao.

La pili ni la kutaja ulikochota. Mwanasaikolojia Albert Ellis alilalamika kwamba hoja nyingi za kitabu cha Dyer cha mwaka 1976 zilitoka katika nadharia yake bila yeye kutajwa, ingawa alikiri pia kwamba kitabu hicho kimewasaidia watu wengi. Mwaka 2010 Stephen Mitchell, aliyeitafsiri Tao Te Ching kwa Kiingereza, alimfungulia Dyer na mchapishaji wake kesi akidai mistari mingi imechukuliwa kutoka katika tafsiri yake. Kesi hiyo ilifutwa mwaka 2011. Jukwaani watu husema "mwenye hekima mmoja alinena" na maisha yakaendelea, lakini katika kitabu jina la mwenye hekima huyo linatakiwa liwemo. Pitia mswada wako ukurasa kwa ukurasa ukiwa na kalamu nyekundu, kama unavyosahihisha insha za kidato cha nne, na kila hoja isiyo yako uiandikie mwenyewe pembeni.

Mswada ukishasafishwa hivyo, utafutie mhariri wa lugha kabla hujaenda kwa mpiga chapa, kisha omba namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Chapa nakala chache kwanza, zile ambazo unaweza kuzibeba mwenyewe kwenye basi la Njombe.